Saa 118 Ambazo Uigaji wa Jengo Huzisahau

Kila ninapolinganisha matumizi ya umeme niliyoyakadiria kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayoiga matumizi ya nishati ya jengo, na yale ambayo mita ya jengo imesoma kwa mwaka mzima, wenye jengo huniuliza kwanza kama nilikosea unene wa kuta au aina ya vioo. Ni nadra kosa kuwa huko, kwa sababu kuta na vioo vimo kwenye michoro, ilhali namna watu wanavyolitumia jengo haimo.

Wiki ina saa 168. Ofisi ya Dar es Salaam inayofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, siku tano, hufanya kazi saa 50 tu, na zile 118 zilizobaki mara nyingi huingizwa kwenye uigaji kana kwamba jengo limelala. Kumbe kiyoyozi cha chumba cha seva hakizimwi, friji hazizimwi, na ukumbi wa mikutano huachwa ukipozwa hadi asubuhi. Mzigo wa kilowati 5 usiozimwa katika saa hizo hula uniti 590 kwa wiki, yaani zaidi ya uniti 30,000 kwa mwaka.

Ndiyo maana siridhiki na jumla ya mwaka. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani, hutaka kwa takwimu za kila mwezi wastani wa tofauti kati ya uigaji na mita usizidi asilimia 5 na mtawanyiko wake usizidi asilimia 15. Kipimo cha kwanza peke yake hupotosha, kwani uniti zilizozidi Februari hufutana na zilizopungua Julai. Cha pili huzidisha kila tofauti kwa yenyewe kabla ya kujumlisha, hivyo kosa moja haliwezi kulificha jingine.

Kabla ya kulinganisha, faili la hali ya hewa la mwaka wa kawaida, ambalo uigaji huanza nalo, nalibadilisha kwa vipimo vya mwaka uleule wa mita, kisha naongeza umeme wa jenereta, ambao haupiti kwenye mita ya shirika la umeme. Baada ya hapo naomba usomaji wa kila saa, hata wa wiki mbili tu, na kurekebisha ratiba za usiku kwanza. Anayechezea namba za kuta mpaka hesabu zikubaliane atapata uigaji unaolingana na bili, lakini siku atakapoulizwa kivuli kipya cha madirisha kitaokoa uniti ngapi, jibu lake litakuwa la uongo.