Msongo kwa Wanyama: Unavyoathiri Sukari, Mafuta na Moyo

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wafugaji, wanaoishi na mbwa au paka nyumbani, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini hofu ya muda mrefu humdhoofisha mnyama ambaye chakula na maji hakukosa.

Swali: Je, mnyama hupata msongo kweli, au ni sisi tunaompachika hisia za kibinadamu?

Jibu: Hatuna haja ya kujua mnyama anawaza nini ili tuthibitishe kwamba ana msongo, kwa sababu mwili wake unapimika. Mwaka 1911 Walter Cannon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliupima mkojo wa paka waliotishwa. Paka aliyefungwa akafadhaika, au aliyewekwa kizimbani akabwekewa na mbwa, alitoa mkojo wenye sukari, ilhali kabla ya hapo haukuwa nayo. Paka walioondolewa tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, hawakutoa sukari hiyo hata walipofadhaishwa kwa namna ileile. Hofu peke yake, bila jeraha wala maradhi, ilikuwa imebadilisha jinsi mwili unavyotumia nishati yake.

Swali: Ni nini hasa hutokea ndani ya mwili?

Jibu: Kuna hatua mbili. Ya kwanza huchukua sekunde chache tu: neva huziamsha tezi za adrenali, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, mishipa ya tumboni na ya ngozi hubana ili damu ielekezwe kwenye misuli, ini huvunja glikojeni, yaani akiba yake ya sukari, na kutoa glukosi, na damu yenyewe huwa tayari kuganda haraka endapo mnyama atajeruhiwa. Hatua ya pili huja baada ya dakika kadhaa, pale ubongo unapoiagiza tezi ya pituitari, na pituitari ikaziagiza adrenali zitoe kortisoli (kwa panya na ndege ni kortikosteroni). Homoni hii hulifanya ini litengeneze glukosi zaidi, hata kwa kutumia protini za misuli, na wakati huohuo huipunguzia insulini nguvu ya kuingiza sukari kwenye seli.

Kwa swala anayekimbizwa na duma, yote haya ni msaada mkubwa, kwani shauri lake humalizika ndani ya muda mfupi, ama ameponyoka ama ameliwa. Mwili haukuumbwa ili ubaki katika hali hiyo kwa wiki na miezi. Mwaka 1936, Hans Selye, akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza kwamba panya waliosumbuliwa kwa njia tofauti kabisa, kama vile baridi, majeraha au sumu, walionyesha mabadiliko yaleyale: adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi inayohusika na kinga ilisinyaa, na vidonda vilitokea tumboni.

Swali: Hayo ni ya maabara. Je, wanyama wa porini nao huumia hivyo?

Jibu: Ushahidi ulio bora, kwa maoni yangu, umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki, katika hifadhi ya Masai Mara, Kenya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Robert Sapolsky wa Marekani aliwafuatilia nyani kwa miongo kadhaa, akiwalaza kwa mshale wa dawa uliopulizwa kwa mdomo, kisha akiwatoa damu upesi kabla mshtuko wa kukamatwa haujavuruga vipimo. Nyani wa Mara hawana njaa kubwa, na muda mwingi wa mchana hawasumbuliwi na wanyama wala nyama. Muda huo uliobaki huutumia kusumbuana wao kwa wao.

Dume la cheo cha chini hunyang'anywa chakula, hufukuzwa kivulini na huumwa na dume lililoshindwa kwingine likitafuta pa kumalizia hasira. Kundi linapokuwa tulivu na kila mmoja akijua nafasi yake, madume hayo ya chini ndiyo yaliyokutwa na kortisoli nyingi hata wakati wa mapumziko, pamoja na upungufu wa ile lehemu (kolesteroli) nzuri inayosaidia kusafisha mishipa. Lakini vyeo vilipovurugika na wakubwa wakaanza kupinduana, ni wakubwa hao waliopandisha kortisoli. Madume yaliyokuwa na marafiki wa kukaa nao na kuchambuana manyoya yalikuwa na vipimo vizuri zaidi kuliko yale yaliyojitenga.

Katika miaka ya 1980 kundi moja lilipatwa na kifua kikuu kutokana na nyama iliyotupwa kwenye jalala la hoteli ya kitalii. Waliokufa walikuwa madume makali, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakienda kupigania mabaki hayo. Kundi lilibaki na majike na madume wapole, ugomvi ukapungua sana, na madume ya cheo cha chini hayakuonyesha tena ile kortisoli ya kupindukia. Kwa hiyo cheo peke yake si ugonjwa. Kinachougua ni mwili unaoonewa kila siku pasipo njia ya kujinusuru.

Swali: Msongo unaweza kuharibu mishipa ya moyo moja kwa moja?

Jibu: Ndiyo. Katika miaka ya 1980, Jay Kaplan na wenzake huko North Carolina, Marekani, walifuga kima wa Asia wenye mkia mrefu, ambao mishipa yao ya moyo hupata maradhi kama ya binadamu. Baadhi ya makundi yaliachwa kama yalivyo, mengine yalichanganywa upya mara kwa mara, hivyo kila dume likalazimika kupigania cheo chake tena na tena. Madume vinara katika makundi hayo yasiyotulia yalipata utando mwingi wa mafuta kwenye kuta za ateri za moyo kuliko mengine yote, ingawa chakula kilikuwa kilekile. Utafiti wao wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba msongo uliongeza madhara hayo hata kwa kima waliolishwa mafuta na lehemu kidogo. Walipopewa propranolol, dawa inayoizuia adrenalini isiusukume moyo, madume vinara yalikingwa kwa kiasi kikubwa. Kwa majike hali ilikuwa kinyume: yaliyoonewa ndiyo yaliyopata mishipa mibovu.

Swali: Mimi husafirisha ng'ombe kwenda machinjioni. Hili linanihusu vipi?

Jibu: Linakuhusu sana, kwa huruma na kwa biashara pia. Ng'ombe aliyebanwa kwenye lori siku nzima bila maji, akachanganywa na ng'ombe asiowajua na kuchapwa fimbo wakati wa kushuka, humaliza glikojeni iliyomo misulini mwake. Kwa kawaida, baada ya kuchinjwa, glikojeni hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi) hushuka kutoka takribani 7 hadi karibu 5.5, hali inayoipa nyama wekundu wa kung'aa na kuchelewesha bakteria. Ikiwa glikojeni imekwisha, pH hubaki 6 au zaidi. Nyama huwa nyeusi, ngumu na kavu ikiguswa, nayo huoza mapema. Mapumziko ya saa chache hayatoshi kurudisha akiba hiyo, kwa kuwa ng'ombe huhitaji siku kadhaa za malisho na utulivu. Bora kuzuia: kundi lililolelewa pamoja lisafiri pamoja, lipewe maji na kivuli, na lishushwe taratibu kwenye ngazi isiyoteleza.

Wanyamapori wanaokimbizwa kwa gari ili wakamatwe, kama twiga, punda milia na swala, hufikia hatari kubwa zaidi. Joto la mwili hupanda mno, asidi hujaa kwenye damu, misuli huvunjika na kuziba figo, mkojo huwa wa kahawia iliyokolea, na mnyama anaweza kufa papo hapo kwa moyo kusimama au siku chache baadaye akiwa tayari ameachiwa.

Swali: Paka wangu alikutwa na sukari nyingi kliniki. Ana kisukari?

Jibu: Huenda hana. Paka aliyebebwa kwenye kikapu, akasubiri karibu na mbwa na kushikwa na mtu mgeni, anaweza kupandisha sukari hadi kufanana na mgonjwa. Mwombe daktari wa mifugo apime fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari ya wiki mbili hadi tatu zilizopita, na umweleze kama paka amekuwa akinywa maji mengi, kukojoa sana au kukonda. Shinikizo la damu nalo lipimwe baada ya paka kutulia kwenye chumba kisicho na mbwa, na lirudiwe mara kadhaa kabla ya kuanzishiwa dawa yoyote.