Je, wajua kwa nini ufupi ulimwokoa rubani Eric Brown?

Tarehe 27 Septemba 1946, Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya ndege ya Uingereza yenye jina hilohilo, aliruka na DH 108, jeti ya majaribio yenye mabawa yaliyolalia nyuma na isiyo na vibawa vya mkiani. Alikuwa anajiandaa kuvunja rekodi ya dunia ya kasi. Ndege ikapasuka vipande juu ya mlango wa mto Thames, naye akafa. Mwili ulipochunguzwa, shingo ilikutwa imevunjika. Lakini kwa nini shingo?

Jibu lilikuja kutafutwa na Eric Brown, rubani wa jeshi la majini aliyefanya majaribio ya ndege kituo cha Farnborough, Uingereza. Alipanda DH 108, akaielekeza chini, akaiacha ikimbilie kasi ya sauti. Ilikwenda laini, kisha ghafla pua ikaanza kupanda na kushuka kama mara 3 kwa sekunde. Kidevu kikagonga kifua, kichwa kikatupwa nyuma, kikarudishwa mbele, tena na tena. Katika hali hiyo mtu hawezi kupanga lolote. Bahati nzuri Brown alishapanga mapema: mambo yakiharibika, mikono yote miwili irudi nyuma taratibu, mmoja ukivuta usukani, mwingine ukipunguza nguvu ya injini. Mtikisiko ukakoma ghafla kama ulivyoanza.

Mpango huo peke yake usingetosha. Brown alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 7, na kiti alikuwa amekishusha, kwa hiyo juu ya kichwa chake palibaki nafasi. De Havilland alikuwa mrefu zaidi. Brown aliamini kwamba kichwa cha mwenzake kiligonga kifuniko cha kioo hadi shingo ikavunjika. Na ajali hiyo si ya kumlaumu rubani: DH 108 zilitengenezwa 3 tu, na zote 3 zilianguka na kuua waliozirusha.

Brown hakuwa mtu wa kubahatisha mara moja. Tarehe 3 Desemba 1945 alitua na jeti ya Sea Vampire kwenye sitaha ya HMS Ocean, mara ya kwanza kwa jeti kufanya hivyo kwenye meli ya kubeba ndege. Mwaka huohuo alirusha Me 163 ya Wajerumani, ndege ya roketi ambayo mafuta yake yakimwagikia mwilini yanaunguza nyama. Kijerumani alikijua vizuri, hivyo akatumwa pia kuwa mkalimani katika kuhojiwa kwa wakuu wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen.

Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 97. Alitua kwenye meli mara 2,407 na kurusha aina 487 za ndege, rekodi ambayo haijavunjwa. Hesabu yenyewe ni ya kubana: Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza aliyoirusha katika matoleo mengi, imehesabiwa kuwa aina 1 tu.