Karantini si wodi

Juzi saa mbili usiku simu iliita. Kijana wa Mtwapa tuliyejuana kwa mambo ya samaki wa tangi la kioo, na siku hiyo hata salamu hakuikumbuka. "Kaka, samaki wanakufa. Jana mmoja, leo asubuhi wawili, sasa hivi mwingine kalala ubavu. Lakini kangaja nimeshamweka karantini." Nikamwambia anipigie picha hiyo karantini. Ikaja ndoo nyekundu ya lita 20, ndani yake kangaja wa buluu amepauka, shavu moja limefunguka halifungi. Nyuma ya ndoo tangi lenyewe linaonekana, taa zinawaka, na vitatange wawili wamejipanga mbele ya mdomo wa pampu wanahema.

Simlaumu. Tangu 2020 neno hili limepita kwenye vinywa vyote, na lilivyopita likazoa kila kitu: mwenye korona yuko karantini, aliyetoka safari yuko karantini, aliyenuniwa na mkewe naye anasema yuko karantini. Kwenye mazungumzo ya barazani haidhuru. Kwenye tangi la maji ya bahari inaua, na nimeona ikiua mara nyingi mno kunyamaza.

Karantini ni kumweka kando kwa siku zilizohesabiwa kiumbe anayeonekana mzima, kwa kuwa alikotoka hakuaminiki. Anayeonekana mgonjwa hukaa kwingine. Huyo anatengwa, au analazwa, na mahali pake ni wodi.

Anayedhani nabishana juu ya maneno tu aangalie neno lilikozaliwa. Mwaka 1377, tauni ikiwa bado inazunguka Ulaya, baraza la mji wa Ragusa, leo Dubrovnik huko Kroatia, liliamua kwamba atokaye sehemu yenye tauni haingii mjini mpaka akae mwezi mzima kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Watu hao walikuwa wazima. Walishuka melini kwa miguu yao, wana bidhaa zao na hamu ya kuuza. Kosa lao lilikuwa walikotoka. Siku hizo 30 baadaye zikawa 40, na kwa Waitaliano arobaini ni "quaranta". Hapo ndipo karantini ilipopata jina.

Venice nao wanatusaidia zaidi. Mwaka 1423 waliweka kisiwa kimoja, Lazzaretto Vecchio, kwa ajili ya walioshikwa na tauni. Mwaka 1468 wakaongeza cha pili, Lazzaretto Nuovo, kwa ajili ya meli na watu wanaoshukiwa tu. Wangeona ni jambo moja wasingegharamia kisiwa cha pili. Walishajua kwamba ukimchanganya mgonjwa na anayeshukiwa, kesho una wagonjwa wawili.

Na sisi hatukuhitaji Venice kutufundisha. Mwanamke akijifungua hukaa ndani arobaini. Ni mgonjwa? Hata kidogo. Amejifungua salama, mtoto ananyonya, jirani wanaleta uji wa pilipili manga. Anakaa ndani kwa sababu hizo siku zina hatari zake, na zikiisha mtoto anatolewa nje kwa furaha. Halafu kuna ile ya mwizi, kwamba siku zake ni arobaini. Maana yake siku ya kwanza humkamati, ya kumi humkamati, unamwona anapita na kanzu yake safi anakuamkia. Zipe siku zihesabike, atajitoa mwenyewe. Kimelea ni mwizi wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema Kiswahili ana neno arobaini mdomoni na maana ya karantini ndani yake, kisha anakwenda kuliazima neno la mbali na kulitumia kombo.

Hata Changuu, kile kisiwa cha mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kimeingia kwenye mkanganyiko huu. Wageni wanaambiwa ni Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, 1893, lakini wafungwa waliokusudiwa hawakuletwa, na majengo yakaishia kuwa kituo cha karantini dhidi ya homa ya manjano. Abiria walikaa pale kungoja siku ziishe, wakiwa wazima. Jina la gereza likabaki, la karantini likasahaulika. Na jina Changuu lenyewe husemwa limetokana na samaki, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka.

Turudi kwenye ndoo nyekundu.

Samaki wanapokufa ghafla, swali la kwanza ni nani amekufa na kwa mpangilio gani. Nilimuuliza kijana: kamba wako wazima? Akasema kamba yuko juu ya jiwe anapunga masharubu. Konokono? Wanatembea. Matumbawe? Yamefunguka. Basi maji nikayaweka pembeni kwanza. Maji yakiharibika hayachagui. Umeme ukikatika usiku na pampu zikasimama, asubuhi unakuta vifo vya pamoja, na samaki wakubwa ndio hutangulia kwa kuwa wanahitaji hewa zaidi. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 27 hubeba miligramu 6 na nusu hivi tu za oksijeni kwa lita, pungufu ya maji ya mtoni yenye joto hilo hilo. Amonia, sumu ya taka za samaki, ikipanda, nayo inapiga wote, na kwa kuwa maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu) ya 8 na kidogo, sehemu yake kubwa zaidi inakuwa ya ile sumu kali. Ikiwa kamba na konokono ndio waliotangulia na samaki wanabaki, fikiria shaba au madini mengine yaliyoingia. Lakini samaki wanaanguka mmoja leo wawili kesho na kamba anacheza? Hapo ni kimelea cha samaki, mpaka ithibitike vingine. Hata hivyo nilimwambia apime amonia, kwa sababu kipimo ni matone na dakika tano.

Nikamwambia azime taa, awashe tochi ya simu, aimulike kwa ubavu, mwanga uteleze juu ya ngozi ya kitatange. "Kuna vumbi," akasema, "kama unga wa binzari." Basi nikajua tumeshachelewa. Kuhema mbio, kukaa kwenye mkondo wa pampu, kukimbia mwanga, halafu vumbi la manjano: hicho ni Amyloodinium ocellatum, kiumbe cha seli moja kinachoanzia kwenye mashavu. Vumbi la ngozini huonekana mwishoni, wengine wanakufa kabla halijaonekana kabisa. Chunusi nyeupe kama chembe za chumvi, zinazohesabika, ni jambo jingine, kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na huyo kwa kawaida anakupa muda zaidi wa kufikiri.

Mzunguko wa Amyloodinium ndio unaoonyesha kwa nini neno lina uzito. Kimelea kinanyonya kwenye shavu, kinashiba, kinadondoka mchangani, kinajifunga na kujigawa, kisha kinafunguka na kutoa vitoto hadi 256 vinavyoogelea kutafuta samaki. Kwenye maji ya joto la kwetu kazi yote hiyo huchukua siku 5 hadi 7. Sasa piga hesabu. Kijana alipomtoa kangaja, vimelea vilivyokwisha dondoka viko mchangani. Vitatange waliobaki wanahema. Amemtoa mmoja, amewaacha wagonjwa na chanzo cha ugonjwa pamoja, kisha akapumua kwamba karantini imefanyika. Neno lilimpa utulivu asioustahili. Angesema "nimemlaza mmoja", pengine angejiuliza: na wengine je?

Kangaja aliletwa siku tisa nyuma, akamwagwa moja kwa moja tangini kwa sababu, nanukuu, alikuwa mzima kabisa, anakula vizuri. Siku hizo tisa ndizo zilizohitaji karantini. Pale hapakuwa na mgonjwa, na ndiyo sababu hasa ya kuiweka.

Kilichobaki ni matibabu, na haya nitayapitia upesi kwa sababu yanaeleweka. Samaki wote wanatoka, wote, anayehema na asiyehema, wanakwenda kwenye tangi tupu: kioo kitupu, sponji ya kuchuja, pampu ya hewa, vipande vya bomba vya kujificha, bila mchanga na bila mawe. Dawa ya kawaida ni shaba, jamaa wa ule mrututu ambao wakulima hupuliza kwenye kahawa, lakini tafadhali usiende kuchota mrututu wa dukani kwa kijiko. Shaba ya kawaida iliyoyeyuka hukaa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo haifanyi kitu, juu ya hapo inaua samaki. Zile zilizofungwa na kemikali nyingine zina kiwango chao kwenye chupa, kikubwa zaidi, na kipimo chake pia si kile kile. Unapima kila siku. Shaba inaua vitoto vinavyoogelea tu, haimgusi aliyekwisha jichimbia shavuni wala aliyejifunga, ndiyo maana inakaa wiki kadhaa. Na haiingii kamwe kwenye tangi kubwa: itaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yataifyonza.

Madaktari wa samaki wana dawa nyingine, klorokwini fosfeti, miligramu 10 kwa lita. Ndiyo, klorokwini ile ile tuliyopewa kwa malaria na kujikuna usiku kucha, mpaka Tanzania ilipoiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Nayo si ya kubahatisha, na haifai penye kamba au matumbawe. Kupunguza chumvi ya maji, ambako wengi hukukimbilia, kunasaidia kwa Cryptocaryon. Amyloodinium anavumilia maji ya chumvi kidogo sana, atakucheka.

Tangi kubwa nalo linabaki bila samaki hata mmoja. Mimi huita hiyo eda ya tangi, na wenye heshima zao wanisamehe. Wiki 6 kwa Amyloodinium. Wenye tahadhari wanakaa siku 76, kwa kuwa kifuko cha Cryptocaryon kimewahi kuchukua hadi siku 72 kabla ya kufunguka, na mara nyingi huwezi kuapa kwamba huna vyote viwili. Kamba na matumbawe wanaendelea na maisha yao humo. Vitoto vya kimelea vinatoka, vinatafuta, havipati, vinakufa. Ukirudisha samaki mmoja tu siku ya ishirini, hesabu inaanza upya. Eda nayo haivunjwi katikati, na anayekaa eda si mgonjwa pia, kama umeona ninakokwenda.

Kangaja alikufa usiku ule ule, ndani ya ndoo. Ndoo haikuwa na pampu ya hewa, kwa hiyo hata kama wodi haikufaa. Kitatange mmoja alifika kwenye tangi la dawa na anakula. Wa pili sijaambiwa.

Simkatazi mtu kutumia neno karantini. Ni neno zuri, limesafiri mbali. Ila ukinipigia usiku na samaki anahema, niambie umemtoa, umemtenga, umemlaza, lolote katika hayo, nami nitakuuliza wengine wako wapi. Ukisema yuko karantini nitakuuliza amefika lini, na kama anakula, na siku zimebaki ngapi, na tutapoteza dakika kumi tukizungumza habari za samaki mzima.