Shahawa za farasi hazihifadhiwi kwenye friza

Katika vikundi vya simu vya wafugaji wa Lubumbashi hurudi ujumbe uleule, kwamba shahawa za farasi dume zikitiwa upesi ndani ya friza zitadumu wiki nzima. Sivyo, na tunaomba ujumbe huo usisambazwe tena. Shahawa mbichi huzimuliwa kwanza kwa kimiminika maalumu, mara nyingi chenye maziwa yaliyotolewa mafuta, kisha hupozwa polepole hadi nyuzi 5 hivi za Selsiasi, hasa zinapopita kati ya nyuzi 19 na 8, kwa maana hapo baridi ya ghafla huharibu utando wa mbegu. Na hata zikitunzwa hivyo, ni vema zitumike ndani ya saa 24 hadi 48.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa zipo shahawa zilizogandishwa zinazokaa miaka mingi, lakini hizo huchanganywa na kinga kama gliseroli na kuwekwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ambayo friza ya nyumbani (hata umeme usipokatika) haiikaribii.

Mwenye shaka amwombe daktari wa mifugo apashe tone moja hadi nyuzi 37 kwa dakika chache, kisha alitazame kwa hadubini: mbegu nzima huogelea kwenda mbele, ilhali zilizoshtuliwa na baridi huzunguka papo hapo, hurudi nyuma, au hazisogei kabisa.