Mwili haujazoea dawa, aliyezoea ni bakteria

"Mwili wake umeshazoea dawa." Niliambiwa hivyo wodini hapa Mtwara, shangazi yangu alipolazwa kwa kile ambacho mtaani kwetu Chikongola kinaitwa "UTI sugu". Si kweli. Usugu haukai mwilini mwa mgonjwa, unakaa kwenye bakteria. E. koli na Klebsiela wengine hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-laktamezi. Ndani ya penisilini mna pete ndogo ya kemikali, na kimeng'enya hicho huikata kama mkasi. Pete ikikatika, dawa imekwisha kazi. Wala si jambo jipya: kimeng'enya cha namna hiyo kiliripotiwa 1940, penisilini ikiwa bado haijawafikia wagonjwa wengi.

"Vidonge vikishindwa, sindano itamaliza." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, nayo ina pete ya aina hiyohiyo, na wapo bakteria wenye beta-laktamezi za wigo mpana, ESBL, wanaoikata kama wanavyokata amoksilini. Kupitishia dawa mshipani hakuiokoi. Utafiti wa watoto wenye maambukizi ya damu Dar es Salaam, uliochapishwa 2005, ulikuta kwamba kwa bakteria wa kundi la Gramu hasi, ambamo E. koli na Klebsiela wamo, watoto walioambukizwa wale wenye ESBL walifariki asilimia 71, na walioambukizwa wale wasio nayo asilimia 39.

"Kuotesha mkojo ni kupoteza muda." Mtu wa maabara alinionyesha kisahani walichooteshea bakteria wa mkojo wa shangazi. Juu yake vilipangwa vidude vyeupe vya duara, kila kimoja na dawa yake. Pembeni ya meropenemu, antibayotiki nyingine, hawakuota, palikuwa peupe kabisa, duara pana. Pembeni ya seftriaksoni bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni, kama ukungu juu ya uji uliolala. Siku nne tulikuwa tunamchoma sindano ile! Na mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa ikishaingia bakteria wanaweza wasiote, jibu likatoka safi na mtu bado anaumwa.

"Mimi sinywi antibayotiki ovyo, hayanihusu." Bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wasio wa jamii moja, kisha huhama kwa mikono na vifaa kutoka kitanda hadi kitanda. Shangazi hanunui dawa bila cheti. Homa yake ilianza siku chache baada ya upasuaji, akiwa bado na mpira wa mkojo.