Tumbo linavimba unasubiri nini? Maswali ya kansa ya ovari na zile protini za kwenye majibu

Kansa ya ovari ndo nini?
Ovari ni vifuko viwili vya mayai ya mwanamke. Seli zake, au za mirija iliyo karibu, zikianza kuzaliana hovyo ndo hiyo.

Dalili zake?
Tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga, mkojo wa mara kwa mara. Zinafanana na gesi, hapo ndo watu wanapopotea. Mama anatoka Kongwa huko tumbo limejaa maji utadhani mimba ya miezi saba, sketi haifungi, ukimuuliza limeanza lini anakwambia tangu tunapanda alizeti, nilikuwa nakunywa dawa ya chango. Na alizeti zishavunwa!

Si nijaribu dawa ya chango kwanza?
Hapana. Hapana jamani. Tumbo likijaa karibu kila siku kwa wiki mbili tatu, hasa kama hedhi ilishakoma, nenda ukapige ultrasaundi. Miezi unayokunywa mizizi ugonjwa haukusubiri.

Mbona nilipima kansa nikaambiwa sina?
Ile ya kupakwa siki ni ya mlango wa kizazi, ovari haizioni kabisa.

Na CA-125?
Ni protini ya kwenye damu ambayo kansa hii mara nyingi huipandisha, kawaida ni chini ya uniti 35 kwa mililita. Lakini karibu nusu ya wenye kansa ya hatua ya kwanza inasoma kawaida, kwa hiyo usikimbilie maabara kupima hiyo peke yake halafu ukarudi kulala.

Majibu ya kinyama alichokatwa dada kikapimwe yameandikwa p53 na Ki-67, ndo hatapona?
Nani kasema? Maabara wanakipaka kinyama rangi maalumu kuona seli zinatengeneza protini gani na kwa wingi gani. Ki-67 inaonyesha ni seli ngapi ziko mbioni kugawanyika. p53 ni mlinzi wa seli, na kwenye aina tunayoiona zaidi karibu wagonjwa wote kashaharibika, sasa hiyo peke yake itakwambiaje nani atapona? Wenye protini zinazopokea homoni, kwenye baadhi ya aina, huwa wana nafuu kidogo. Ni makadirio tu, sio hukumu, na inaniuma sana mtu anaposoma karatasi akaacha dripu za dawa za kansa, karboplatini na paklitakseli.

Kinachoamua zaidi ni kansa imesambaa kiasi gani na baada ya upasuaji imebaki kiasi gani. Hatua ya tatu maana yake imeshatoka nje ya nyonga, na hakuna protini nzuri itakayokurudishia miezi sita uliyokaa nyumbani. Narudia, miezi sita hairudi.

Naanzia wapi?
Kituo chochote chenye ultrasaundi. Hapa Dodoma rufaa inaweza kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa, au ile ya kansa ya Ocean Road kule Dar. Ukishaipata usirudi nayo kijijini kungoja kikao cha ukoo, wapigie simu ukiwa njiani.