Chembe nano za madini zinazotengenezwa kwa majani: je, ni salama kwa kuulia wadudu?

Chembe hizi ni nini, na mmea unahusikaje?

Ni chembe ndogo mno za madini kama fedha, shaba au zinki, zenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Mtaalamu anayetumia njia ya mimea huchemsha majani, tuseme ya mwarobaini au mlonge, huyachuja, kisha huchanganya maji yake na nitrati ya fedha (aina ya chumvi yenye fedha) iliyoyeyushwa. Fenoli na flavonoidi, kemikali za asili zilizomo katika majani, huigeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe, huku viambato vingine vya mmea vikizifunika ili zisishikamane. Maji yaliyokuwa na rangi ya chai hafifu hugeuka kahawia iliyokolea, na rangi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba chembe zimeundwa.

Zinamuuaje mdudu?

Kwa udogo wake, hupenya ganda la nje la mdudu au huingia tumboni mwake pamoja na chakula. Zikifika ndani ya seli hunasa kwenye protini zenye salfa, huharibu vimeng'enya na kudhuru ukuta wa utumbo. Majaribio mengi yamefanywa kwa viluwiluwi vya mbu. Kiluwiluwi cha Anopheles, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kikichuja chakula, kwa hiyo kinachoelea humfikia mdomoni moja kwa moja. Fukusi wa mahindi na viwavi nao wamejaribiwa.

Kwa nini jambo hili lituhusu Uganda?

Uganda ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa malaria duniani, na mbu wetu katika maeneo mengi wamekwisha kuizoea jamii ya pairethroidi, dawa iliyotegemewa katika vyandarua kwa miaka mingi. Ndiyo maana ugawaji wa mwaka 2017 ulijumuisha pia vyandarua vilivyoongezwa PBO, kiambato kinachopunguza ukinzani huo. Shambani nako, tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, mahindi hupuliziwa dawa mara kwa mara, na mara nyingi mpuliziaji hana glavu wala barakoa. Kitu kinachomshambulia mdudu kwa njia kadhaa kwa mpigo, na ambacho huenda kikawa kigumu zaidi kuzoeleka, kinastahili kuchunguzwa kwa bidii.

Kwa kuwa zimetokana na majani, si hazina madhara?

La, na hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Chembe hizi husifiwa kuwa rafiki kwa mazingira, lakini urafiki huo unahusu namna ya kuzitengeneza, yaani kemikali kali chache na taka kidogo. Hauhusu kitakachotokea chembe zikishamwagwa bwawani. Azadiraktini, kiini cha mwarobaini kinachomzuia mdudu asile wala kukua, huvunjwa na jua ndani ya siku chache. Fedha ni elementi: haiozi. Hutuama kwenye tope la bwawa na kutoa polepole ayoni, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, ambazo, hata zikiwa kidogo sana, ni sumu kwa mwani, kwa vijidudu vya majini ambavyo ni chakula cha samaki, na kwa samaki wachanga wenyewe. Wala mmea peke yake si dhamana ya usalama, kwani utupa, ambao wakulima wengi huupanda ili kufukuza fuko, una rotenoni na umetumiwa tangu zamani kulevya samaki.

Tuangalie na vipimo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maji ya kunywa yenye fedha hadi miligramu 0.1 kwa lita yanaweza kuvumilika bila hatari kwa afya. Katika majaribio mengi ya maabara, huhitajika miligramu kadhaa kwa lita, pengine makumi, ili kuua nusu ya viluwiluwi. Kwa hiyo chembe hizi zisitiwe kamwe katika pipa la maji ya mvua wala katika kisima cha kuchotea maji. Mtu anayemeza fedha kwa muda mrefu ngozi yake hugeuka kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haiondoki.

Kwa maoni yangu, kinachokosekana sasa si jani jingine la kujaribiwa, bali ni vipimo katika maji halisi, kama ya Ziwa Kyoga au ya mashimo ya matofali, ambamo tope na chumvi hubadili tabia ya chembe kwa namna ambayo chupa ya maabara haionyeshi.

Naweza kuzitengeneza nyumbani?

Hapana. Nitrati ya fedha huunguza ngozi na macho, na bila mitambo ya maabara huwezi kujua ukubwa wa chembe wala kiasi cha nitrati hiyo kilichobaki.

Nikiuziwa dukani?

Sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo ya mwaka 2006 inataka dawa hizo zisajiliwe. Kama lebo haina namba ya usajili, usinunue, hata ikiwa imechorwa jani.

Kwa sasa tutumie nini?

Lala ndani ya chandarua kila usiku na ufukie mashimo yanayotuamisha maji. Kagua mahindi yakiwa machanga, na ukikuta mayai ya viwavijeshi yaliyorundikana kwenye jani, yaponde kwa vidole. Mahindi yaliyokauka vizuri, yakihifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, hayahitaji dawa: fukusi hufa kwa kukosa oksijeni.

Mtu akidhurika na dawa yoyote ya wadudu?

Mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Ikiwa ameimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa, ingawa wengi wetu tumezoea kufanya hivyo. Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa au pakiti ya dawa yenyewe, ili mhudumu ajue ni sumu ipi anayoitibu.